Mashine Kubwa, Mwendo wa Kobe

Sumeiya anafanya biashara ya samaki Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Wavuvi wanaomuuzia hulala baharini na nyavu zao. Hawarudi pwani kila siku. Kwa hivyo boti ya Sumeiya huwafuata na barafu, huchukua samaki na kuwaleta bandarini. Hapo huja lori lenye friji, linalokwenda Malindi. Samaki akiliwahi lori, anauzwa vizuri. Akilikosa, anauzwa kwa bei yoyote ile, au anaoza.

Nahodha wa boti ni Abdulhakim, mdogo wake Sumeiya. Boti iliachwa na baba yao. Dada alishika biashara, ndugu akashika usukani. Walifanya kazi kwa amani mpaka mashine ya zamani ilipokufa.

Walinunua mashine nyingine. Ilikuwa imetumika, lakini ilikuwa nzima, tena kubwa kuliko ya kwanza.

"Dada, sasa tutaruka," alisema Abdulhakim.

Hawakuruka. Boti ilienda polepole kuliko zamani. Tezi ya nyuma ilizama, omo ya mbele ikaangalia juu, na maji ya nyuma yakaruka ovyo. Lori lilianza kuwaacha. Siku moja Sumeiya aliwauzia kolekole wazuri akina mama wa kukaanga, kwa bei ya kutupa. Akampandishia mdogo wake sauti.

"Hakim, wapita wapi ukitoka kwa wavuvi?"

"Sipiti popote, dada. Natoka kule, naja hapa."

"Mashine ni kubwa, njia ni ile ile, nawe wachelewa. Watu waniambia wakaa na rafiki zako mkitafuna miraa."

Abdulhakim aliweka mtungi wa petroli chini. Akaenda zake. Siku hiyo hakwenda kula kwa dada yake, na kesho yake hakwenda pia.

Sumeiya aliamua kujionea mwenyewe. Alifunga leso yake vizuri, akapanda botini. Abdulhakim akawasha mashine, wakaelekea kwa wavuvi.

Walimkuta Mwaro, mvuvi aliyewauzia samaki tangu zama za baba yao. Uso wake haukuwa na furaha.

"Jana nimemwaga nusu ya samaki wangu," alisema Mwaro. "Barafu iliyeyuka nikiwangoja. Leo chukueni hawa. Mkichelewa tena, nitampa mnunuzi mwingine. Nami nina watoto, Mama."

Wakageuka kurudi. Sumeiya alitazama mkono wa mdogo wake. Alikuwa amefungua mafuta mpaka mwisho. Mashine ilinguruma kwa uzito, moshi ukatoka, na boti ikajiburuta kama kobe. Walipofika bandarini, lori lilikuwa limeondoka.

"Nilikudhania vibaya," Sumeiya alisema. "Niwie radhi."

"Yamepita, dada. Lakini tufanye nini?"

Watu wa bandarini walikuwa na jibu. Walimwambia Abdulhakim kwamba propela, lile panga linalozunguka majini na kusukuma boti, ikiwa na namba kubwa huleta mwendo mkubwa. Basi akaazima propela yenye namba kubwa, akaifunga. Mashine ikakoroma kama mgonjwa. Mwendo ukapungua zaidi.

Jirani yao, Kasiva, ni fundi wa mashine za boti. Alizaliwa Makueni, mbali na bahari. Alijifunza ufundi Mombasa, kisha akaolewa Ngomeni. Siku za kazi huwa Malindi, akitengeneza boti za watalii. Jumamosi aliporudi nyumbani, Sumeiya alimpigia hodi akamweleza taabu yao.

"Twendeni tukaione boti maji yakiwa yamekupwa," Kasiva alisema.

Boti ilikuwa imekaa mchangani. Kasiva alihakikisha kwanza kwamba mashine imezimwa na kamba ya usalama, ile inayozima mashine ikichomolewa, imetolewa. Kisha akapiga magoti nyuma ya boti.

"Hamkuuziwa mashine mbovu," alisema. "Lakini hii ina mguu mrefu, yaani sehemu hii inayoingia majini, na boti yenu ilijengewa mashine ya mguu mfupi. Tazameni kibamba hiki kilicholala juu ya propela. Chatakiwa kiwe sawa na chini ya boti, au kipite juu kidogo tu. Chenu kiko chini karibu shibiri nzima."

"Ndicho kinachotuchelewesha?" Abdulhakim aliuliza.

"Ndicho. Mguu wote huo waburuta maji. Kutembea kwenye maji ya kiunoni si sawa na kutembea kwenye maji ya kifundoni."

Kasiva akashika propela, akaifuta mchanga. Ilikuwa na namba mbili.

"Namba ya kwanza ni upana wa propela, kwa inchi. Ya pili ni hatua. Skrubu ukiizungusha mara moja, huingia kidogo kwenye mbao. Na propela vivyo hivyo. Ikizunguka mara moja, husonga mbele. Umbali huo ndio hatua. Hii ya kuazima ni kumi na tano. Ile iliyokuja na mashine?"

"Kumi na tatu."

"Hata hiyo nina shaka nayo. Hatua ndefu yafaa boti nyepesi. Nyinyi mwabeba barafu na samaki. Mtu aliyebeba gunia, ukimlazimisha apige hatua ndefu, atachoka tu."

"Basi tununue fupi kabisa!" alisema Sumeiya.

"La, jirani. Ikiwa fupi mno, mashine itazunguka kupita kiasi. Itapiga kelele nyingi, mwendo hautaongezeka, na mwisho itaharibika. Twatafuta ya katikati."

"Tutaijuaje?"

"Tutapima. Mashine hii ikifunguliwa mafuta yote, izunguke mara elfu nne na mia tano hadi elfu tano na mia tano kwa dakika. Kila aina ya mashine ina kiasi chake. Uliza muuzaji, au soma kitabu kilichokuja nayo. Na tupime tukiwa na mzigo wa kawaida. Kupima boti tupu ni kujidanganya."

Walirudisha propela ya kumi na tatu. Wakajaza mitungi ya maji badala ya samaki. Bahari ilipojaa, wakatoka. Kasiva alifunga kipimo cha mizunguko kwenye mashine. Sumeiya alishika simu inayoonyesha mwendo. Walikwenda na mkondo, kisha wakarudi dhidi yake, ili mkondo usiwadanganye. Mizunguko ilipita elfu nne kidogo tu.

"Mashine imeelemewa," Kasiva alisema. "Sasa tuipandishe."

"Tubadilishe na propela pamoja, tumalize," Abdulhakim alisema.

"Hapana. Jambo moja kwa wakati. Tukibadilisha mawili, hatutajua lipi limetusaidia."

Waliongeza kipande cha mbao ngumu ya mbambakofi juu ya ubao wa nyuma unaobeba mashine. Wakakikaza kwa bolti upande hadi upande. Mashine ikafungwa juu yake, na mnyororo ukawekwa ili isianguke baharini.

Wakatoka tena. Safari hii maji ya nyuma yalitulia na boti ikaenda vizuri. Abdulhakim akatabasamu. Lakini alipokata kona kwenye mawimbi, mashine ililia ghafla. Boti ikapoteza nguvu, wimbi likaipiga ubavuni, na Sumeiya akaanguka juu ya mitungi.

"Imevunjika!" Abdulhakim alipiga kelele.

"Punguza mafuta!" Kasiva alijibu. "Nyoosha omo!"

Mashine ikatulia, propela ikashika maji tena.

"Haikuvunjika," Kasiva alieleza. "Propela imevuta hewa. Tumepandisha mno. Ikizama sana yaburuta maji, ikipanda sana yashika hewa. Tena mashine iliyo juu mno huenda ikakosa maji ya kuipoza. Wauona ule uzi wa maji unaotoka pembeni? Usiuache ukatike."

Sumeiya alisugua goti lake. "Tumshukuru Mungu tulikuwa karibu na pwani."

Walirudi wakachonga ule ubao, wakaishusha mashine kidogo. Wakakata kona tena, mara kadhaa. Haikulia. Mizunguko ilikuwa imeongezeka, lakini bado haikufika elfu nne na mia tano.

"Sasa ndiyo zamu ya propela," Kasiva alisema. Akawapa propela ya kumi na moja waijaribu, kabla hawajanunua yao.

Mara hii Abdulhakim alifungua mafuta taratibu. Tezi ikainuka. Omo ikashuka, na mbele kukaonekana wazi. Boti ikapanda juu ya maji, mzigo wote ndani. Kipimo kikaonyesha karibu elfu tano. Simu ikaonyesha mwendo ambao hawajauona tangu wanunue mashine.

"Yarabi, taratibu!" Sumeiya aliita, huku anacheka.

Wiki iliyofuata walilikuta lori kila siku. Barafu ilifika kwa Mwaro ikiwa nzima, naye hakumtaja tena mnunuzi mwingine. Petroli nayo ilitumika kidogo kuliko mwanzo. Adhuhuri Abdulhakim alirudi kula kwa dada yake, akimaliza sahani na kuomba wali mwingine.

Habari zikaenea. Siku moja alikuja mzee Kambi, ambaye ana boti ndogo ya kubeba abiria.

"Shikamoo, mzee Kambi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeiona boti yako jana. Niambie namba ya propela, nikanunue kama hiyo."

Abdulhakim alitikisa kichwa. "Namba yangu si yako, mzee. Boti yako ni nyepesi kuliko yetu, na mashine yako ni ndogo. Ukinunua kama yangu, huenda ukapoteza mwendo."

"Basi nianzie wapi?"

"Tuanze kwa kuangalia mashine yako imekaa juu au chini. Kisha tutapima, ukiwa na abiria wako."

Sumeiya alikuwa akipanga samaki kwenye barafu. Aliacha kazi, akawatazama. Abdulhakim aliiendea boti ya mzee iliyokaa karibu, akatoa kamba ya usalama kwenye mashine, akapiga magoti mchangani, na kutia mkono chini ya boti.

"Haya, mzee Kambi," alisema. "Inama nawe uone."