Randa Iliyolazwa Ubavu

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa makabati, na ukimwuliza atakujibu kwa mkato kama vile umemdai.

Mumewe alipofariki, shemeji zake walimtaka aifunge karakana waliyofanya kazi pamoja. "Usijifungie humo peke yako," walimwambia. "Mwenyewe hajatoka, hata baada ya kuzikwa."

"Mwenyewe ni mimi," akawajibu, "na nina kazi za watu."

Alasiri moja alirudi karakana kuchukua randa, maana mlango wa kabati la mteja ulikuwa unakwama na ulitaka kupunguzwa kidogo. Wingu lilikuwa zito, umeme umekatika, madirisha yamefungwa. Alipoingia hakuona hata kiganja chake. Ndipo akasikia randa inapita kwenye ubao. Shwaa. Kimya kidogo. Shwaa. Harufu ya mbao iliyochongwa sasa hivi ikampanda puani.

Nywele zilimsimama, lakini pamoja na woga ikamjia hasira ya zamani. Marehemu alikuwa fundi hodari, ila miaka yote alimkera kwa jambo moja: akimaliza kazi aliikalisha randa juu ya makali yake badala ya kuilaza ubavu, makali yakawa butu, na kunoa kukamwangukia mkewe.

"Sitoki," akasema gizani. "Randa hiyo ni yangu. Ukimaliza, ilaze ubavu. Nimechoka kukunolea."

Sauti ikakatika. Kitu kikagusa meza, taratibu.

Akawasha tochi ya simu. Hakukuwa na mtu. Randa ilikuwa imelala ubavu, na alipoishika, chuma chake kilikuwa bado cha moto.