Banda Refu la Kware

Kila asubuhi Kimya alifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Aliteleka chai. Alifuta vumbi kwenye cherehani. Kisha alishika kishikio cha mlango wa chuma wa chumba cha mbele, akauvuta juu kwa nguvu zake zote. Garagaragaraga! Mtaa mzima ulijua kwamba fundi wa nguo ameanza kazi.

Jumanne hiyo, mlango ulipofika juu, ilisikika sauti nyingine. Ilitoka uani, nyuma ya ukuta. Pu! Kisha tena, pu!

Kimya aliacha mlango akakimbilia uani.

Ndani ya banda, kware mmoja alikuwa amelala ubavu. Miguu yake ilitikisika mara mbili, ikatulia. Utosini manyoya yalikuwa yamenyonyoka na ngozi imechubuka. Wenzake walikuwa wamejibana kwenye kona moja, wanatweta.

"Wa tatu," Kimya alisema kwa sauti ndogo. "Wa tatu ndani ya wiki mbili."

Wateja ndio waliompa jina la Kimya. Angeweza kukupima gauni, kulikata na kulishona, asikuambie zaidi ya maneno kumi. Si kwamba alikuwa na maringo. Maneno yalimjaa tele kifuani, lakini yakifika kooni yanaona haya.

Baba yake alitoka chumbani akichechemea. Mkono mmoja ulishika fimbo. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine hauna.

"Paka!" alifoka. "Nimesema tangu juzi, ni yule paka wa jirani!"

"Baba, mlango wa banda umefungwa."

"Basi ana ufunguo."

Kwa kawaida wangecheka. Leo mzee alimtazama yule kware, kisha akalitazama banda.

Huyu mzee alikuwa seremala kwa miaka arobaini. Watu walimwita Mzee Timazi, kwa jina la kile kipimo cha wima, kwa sababu mlango alioutengeneza yeye haukuwahi kupinda. Nyonga ilipoanza kumsumbua, alifunga karakana yake. Akaja kwa binti yake na mkoba mmoja. "Nitakaa mpaka mvua ziishe," alisema siku ile.

Mvua zilikwisha. Hakuna aliyesema neno.

Ilikuwa baada ya mvua hizo Kimya alipopata wazo la kufuga kware. Ua wao ni mdogo, kuku wasingeenea. Kware ni ndege mdogo, anakaa pahali padogo, na huanza kutaga akiwa na wiki saba au nane tu. Baba yake alisikia habari hiyo, akaomba apewe msumeno wake.

Alijenga banda kwa mwezi mzima. Siku nyingine alibomoa alichojenga jana, akasema hakijanyooka. Lilipokamilika, lilikuwa kama jumba la sultani. Lilikuwa na paa la mbao ngumu, na urefu wake ulimfika Kimya kiunoni. Waliingizwa kware kumi na wawili, majike kumi na madume mawili. Majike walitaga vizuri. Vilikuwa vijiyai vidogo vyenye madoadoa, saba au nane kwa siku. Mzee alivichemsha mwenyewe kila asubuhi, akavimenya kwa subira, akamsogezea binti yake sahani.

Sasa kware walikuwa wanakufa, na mayai yalikuwa yamepungua hadi mawili.

"Jumamosi nitakwenda kwa kaka yako," Mzee Timazi alisema ghafla. "Nyumba yake ni kubwa. Hapa nimekuwa mkosi, hata ndege wananikimbia kwa kufa. Niandalie mkoba wangu, mama."

Kimya alitaka kusema, usiende. Neno lilipanda, likafika kooni, likakwama pale pale.

"Nikufulie shati gani?" aliuliza.

"Lolote," alijibu mzee.

* * *

Mchana alikuja afisa mifugo. Mtaani aliitwa Mama Chanjo. Alitembea na sanduku la chanjo begani, na watoto walipomwona walikimbia, ingawa sindano zake zilikuwa za mifugo. Siku hiyo alifuata gauni.

"Fundi, gauni langu liko tayari? Au na wewe utaniambia umeme ulikatika?"

"Lipo, dada. Jaribu."

Mama Chanjo alivaa gauni, akajigeuza mbele ya kioo. Kimya alipiga magoti ili abane upindo kwa pini. Pini ya kwanza ilianguka. Ya pili pia. Ya tatu ilimchoma Mama Chanjo mguuni.

"Uwi! Leo mimi ndiye ninayechanjwa?" Alicheka, kisha akainama amtazame Kimya usoni. "Una nini, mdogo wangu? Leo hata yale maneno yako kumi hujayafikisha."

"Hakuna kitu, dada."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Sema."

Kimya alisema. Alianza na neno moja moja, halafu yakaja kwa wingi. Alisema habari ya kware watatu, mayai yaliyopungua, na baba anayetaka kuondoka.

"Hao waliokufa mliwafanyia nini? Hamkuwala?"

"Hapana. Tuliwafukia, shimo refu."

"Mmefanya vyema. Ndege akifa bila sababu kujulikana, haliwi. Na ukimshika, unanawa kwa sabuni. Haya, nipeleke uani."

Mzee Timazi alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya banda, fimbo mapajani, akiwalinda kware dhidi ya paka.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumdunga sindano paka?"

"Paka nitamdunga akithibitika ana kosa," alisema Mama Chanjo.

Alipiga magoti mbele ya banda. Kwanza alitazama macho ya kware, pua zao na mavi yao. "Hawana mafua. Hawaharishi. Si ugonjwa huu." Kisha aliingiza mkono ndani, akapapasa dari kwa chini, kule ambako Kimya na baba yake hawakuwa wametazama. Mkono ulipotoka, vijinyoya vilikuwa vimenata vidoleni. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na chembe za damu iliyokauka.

Mzee aliinuka kidogo kwenye kigoda chake.

Mama Chanjo alivua mtandio wake. Aliufunga pembe nne ndani ya banda, chini kidogo ya dari, ukaning'inia kama kitanda cha mtoto. "Fundi, nenda kafunge mlango wako wa chuma, kisha uufungue kama unavyofungua asubuhi."

Kimya alikwenda. Garagaragaraga!

Kware watano walifyatuka kwa mpigo mmoja, wima kama mishale, hadi kwenye mtandio. Mtandio ulibonyea, ukawarudisha chini taratibu. Walijikung'uta, wakaendelea na mambo yao kana kwamba si wao.

"Mmeona?" Mama Chanjo alisema. "Kuku akishtuka hukimbia. Kware akishtuka huruka juu, moja kwa moja, bila kutazama. Banda likiwa fupi, futi moja tu, hana nafasi ya kupata kasi. Likiwa refu kama chumba cha mtu, ana nafasi ya kugeuka. Hatari iko hapo katikati. Anapata kasi kamili, halafu anakutana na mbao." Alisita. "Nani aliyepanga kimo hiki?"

Kware mmoja alidonoa chakula, ko, ko.

"Ni mimi," Kimya alisema haraka. "Nilimwomba Baba alijenge refu."

Mzee Timazi alimgeukia. "Usinibebe, mama. Hukuniomba. Banda ni langu, na kimo ni changu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nilisema ndege ni wa kupaa. Kumbe nilikuwa nawajengea jeneza."

"Na mlango ni wangu, Baba," Kimya alisema. Maneno yalimtoka yenyewe. "Kila asubuhi nawashtua mimi. Kama kosa ni la banda, ni la mlango pia. Tugawane."

Mzee aliilaza fimbo yake chini.

"Mzee wangu," Mama Chanjo alisema kwa upole, "kosa hili wanalifanya wengi, tena kwa mapenzi. Linatengenezeka. Banda lako ni zuri. Hewa inapita, upepo hauwapigi, panya hapiti. Sijaona banda lililonyooka hivi."

"Usinisifu, binti. Mgema akisifiwa..."

"...tembo halitii maji akiwa na umri wako. Leta msumeno."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, mzee alicheka.

* * *

Siku mbili walifanya kazi pamoja. Mzee Timazi alikata nguzo za banda, akashusha paa hadi futi moja kutoka sakafuni. Kimya alichukua gunia safi, akalijaza vipande vya nguo, akalishona kama godoro jembamba. Wakaligongomelea chini ya paa, likawa dari laini. Kisha walilihamisha banda mbali na ukuta wa chumba cha mbele. Mzee alitia grisi kwenye reli za mlango wa chuma, na Kimya akajifunza kuuvuta polepole.

Mama Chanjo alipita kuangalia. Akawaelekeza mambo mengine.

"Kila kware apate nafasi isiyopungua ukubwa wa daftari lililofunguliwa. Mkiwabana, watadonoana."

"Na haya madume mawili?" aliuliza mzee. "Yanapiga kelele kama madalali."

"Mkitaka mayai ya kula tu, dume halihitajiki. Jike hutaga bila yeye."

"Umesikia, mama? Sisi wanaume hatuna kazi hapa."

"Kama unakata mbao, unayo," alijibu Mama Chanjo.

Chakula, alisema, wapewe kile cha vifaranga vya kuku, kwa kuwa kware wanahitaji protini nyingi. Maganda ya mayai yachemshwe, yakaushwe, yasagwe, wawekewe kwenye kisahani pembeni ili ganda la yai liwe gumu. Maji yabadilishwe kila siku. Taa ndogo iwake jioni, mwanga ufikie saa kumi na nne kwa siku, la sivyo watataga kidogo. Mayai yaokotwe jioni, maana kware wengi hutaga alasiri. Na aliuliza kama wanacho kibali, kwa sababu baadhi ya maeneo hudai kibali cha kufuga kware. Kimya alikwenda kuuliza ofisini siku iliyofuata.

Mzee alichukua maranda kwa seremala wa mtaa wa pili, akayatandaza sakafuni. Yalipolowa aliyatoa, akatandaza mengine. "Miaka arobaini nayafagia," alisema. "Leo ndiyo nayatandika kama shuka."

Jumamosi ikafika. Mkoba ulikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi juu yake.

"Nitasubiri Jumamosi ijayo," Mzee Timazi alisema akikagua misumari. "Nione kama dari itashika."

Jumamosi iliyofuata dari ilikuwa imeshika. "Bawaba moja inalia," alisema. "Siwezi kuondoka nikaacha bawaba inalia."

Jumamosi ya tatu hakusema kitu. Mkoba ulikaa pale pale mlangoni. Kila asubuhi Kimya aliuruka akienda kazini, kila jioni aliuruka akirudi. Hakuuliza, kwa hofu kwamba akiuliza atajibiwa.

Wiki ya nne, jioni, alikwenda kuokota mayai. Tangu paa lishushwe, hakuna kware aliyekufa. Aliinama, akapapasa kwenye maranda. Moja. Mawili. Matano. Kwenye kona kulikuwa na mengine mawili, bado yana joto. Majike saba waliobaki, mayai saba.

"Baba! Saba!"

"Saba?" Mzee alikuwa kwenye kigoda chake, akilainisha ubao kwa msasa. "Basi wamepona. Sasa hawanihitaji tena." Alipuliza vumbi la msasa. "Nadhani Jumamosi hii nitakwenda kweli."

Kimya alisimama na mayai kwenye kiganja. Neno lilipanda kifuani. Likafika kooni. Likaanza kuona haya kama kawaida yake.

Aliyaweka mayai kwenye bakuli. Aliingia ndani, akaushika ule mkoba, akaubeba hadi chumbani kwa baba yake, akautupa juu ya kabati. Alirudi uani akihema.

"Baba, sitaki uende kwa kaka. Nataka ukae hapa. Si kwa ajili ya kware. Hata wangekufa wote, ningetaka ukae. Nilitaka hivyo tangu mvua zilipokwisha, na sikusema."

Msasa ulisimama juu ya ubao.

Mzee Timazi alitazama lile banda fupi. Alijikuna shavu. Alikohoa, ingawa hakuwa na kikohozi.

"Mama," alisema hatimaye, "unajua kwa nini nililijenga refu?"

"Ulisema ndege ni wa kupaa."

"Nilisema hivyo." Alitikisa kichwa. "Banda fupi ningelimaliza kwa siku mbili. Nilitaka kazi isiishe. Niliogopa nikimaliza, utanisindikiza na mkoba wangu."