Nakala Arobaini za Bibi Mshonaji

Kila nikitoka shule nilipitia dukani kwa shangazi yangu, mpiga chapa, kumsaidia kupanga kurasa na kuzibana kwa stepla. Akitoka kwenda kununua wino, niliichapa hadithi yangu kimyakimya. Darasani waliniita Mwandishi, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwelikweli.

Hadithi hiyo ilikuwa mwendelezo wa riwaya tuliyoipenda sote. Katika riwaya, bibi mshonaji anakufa sura ya mwisho. Niliudhika mno! Basi nikamfufua, nikamwozesha kwa fundi saa, nikatoa nakala arobaini na kuzigawa. Kwenye jalada niliweka jina la mwandishi wa riwaya, tena kwa heshima. Niliona kutoliweka ni kumdhulumu.

Jumatano akaingia dukani mama mmoja mwenye miwani, aliyeelekezwa na mwanafunzi mwenzangu, nakala imekunjwa mkononi.

"Nani amechapa upuuzi huu kwa jina langu?"

Shangazi alinitazama mara moja tu, akajua. "Wewe! Mashine hii ndiyo inayotulisha! Mahakama ikiichukua tutakula nini? Karatasi?"

Nami hasira zikanipanda. "Sikuuza hata moja! Na wewe mama, kwa nini ulimuua bibi wa watu? Alikosa nini?"

Mwandishi wa riwaya alivuta kiti, akakaa.

"Yule ni mama yangu mzazi," alisema. "Nilimwandika alivyoishi, na alivyokufa. Sasa watu wananipongeza kwa harusi yake. Umemfanyia mzaha mama yangu, halafu ukasema ni mimi!"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. "Nisamehe, mama."

"Sijakusamehe. Zirudishe zote."

Kesho yake nilizunguka darasa zima nikizidai. Wengine walinizomea, mmoja akajificha chooni na yake. Zilipotimia arobaini, mwandishi alirudi dukani, akazihesabu mwenyewe, akasema hatatushtaki. Hakutabasamu.

Alipoondoka, shangazi aliizima mashine. Alisema kwa sauti ambayo bado ilikuwa kali:

"Sikia. Kuipenda hadithi ya mtu hakuifanyi kuwa yako. Hata usipouza, sheria inamlinda aliyeitunga. Ukitaka kuwatumia watu wa hadithi yake, mwombe ruhusa. Akikataa, basi. Unaye bibi yako, mzima, yuko nyumbani. Kamuulize maisha yake, umwandike huyo."

Nilichukua daftari, nikaelekea mlangoni.

"Na yeye pia," shangazi alifoka, "mwombe ruhusa kwanza!"