Mstari wa Proksi

Kila Jumamosi asubuhi Chimène na rafiki yake Odile walikwenda kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao, mjini Kisangani. Kompyuta nzima ilikuwa moja tu, kuukuu, ina dirisha jeusi la kuandikia amri na basi. Kabla ya kufika mtandaoni ilipitia mashine ya ofisini iitwayo proksi, kama mgeni anavyopitia kwa mlinzi wa lango.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa inamwagika tangu alfajiri. Odile alikuja na barua yake ya kuomba nafasi ya kusoma bure katika shule ya ufundi. Mwisho wa kuituma ulikuwa saa sita mchana. Saa tano, Madame Georgette, mwalimu wao, alipokwisha kuichapa kwenye kompyuta, akaandika amri ya kuituma. Haikupita. Akarudia, wapi!

"Papa Ruphin!" akamwita msafishaji. "Weye ulifagia hapa jana. Uligusa nyaya?"

"Hapana, Madame. Miye sikugusa kitu."

"Alors, basi ni nani, panya?"

Chimène alijua ni nani. Juzi aliingia humo peke yake akitaka kupakua nyimbo bila ofisi kuona, akafuta anwani ya proksi ya shule na kuweka nyingine aliyopewa na binamu yake. Tena aliiandika katika faili inayosomwa kila dirisha likifunguliwa, mstari ulioanza na "export https_proxy", kwa hiyo hata kuzima na kuwasha hakukusaidia. Leo proksi ile ya binamu ilikuwa haijibu kabisa.

Alifungua kinywa, akakifunga. Akisema, atafukuzwa chumbani. Loo, mtoto huyu! Papa Ruphin, mtu mzima mwenye wajukuu, alipiga magoti kwenye sakafu iliyolowa akipapasa waya mmoja mmoja. Odile alikuwa anaitazama saa ya ukutani na kulia kimya kimya.

Zilipobaki dakika tatu, Chimène hakuweza tena. "Ni miye, Madame," akasema, akaeleza yote.

Madame Georgette akaifungua faili, akaufuta mstari ule, akarudisha anwani ya shule, akafungua dirisha upya. Amri ikapita mara moja. Jibu likaja: maombi yamefungwa. Ilikuwa saa sita na dakika moja.

Odile aliikunja barua yake, akatoka mvuani bila kuaga. Chimène akamgeukia Papa Ruphin, akamwomba msamaha.

"Nimesikia, mutoto wangu," mzee akajibu, akijipangusa magoti. Madame naye akamwomba radhi.

Kisha akamketisha Chimène. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Mustari yako nimeufuta kwa dakika mbili. Lakini kwa ile saa moja ulinyamaza, Odile atangoja nafasi ingine mwaka muzima. Ukikosea, sema palepale, wakati kosa lingali dogo."

Chimène alikubali kwa kichwa. Nje, Odile alikuwa amekwisha kupita lango la shule.