Unga Ndani ya Kopo la Maziwa

Kila siku akitoka shule, Njiti alivua sare, akala chakula alichofunikiwa jikoni, kisha akambembeleza mdogo wake mpaka alale. Njiti halikuwa jina lake. Wenzake walimbandika kwa sababu ya wembamba wa mikono yake, na jina likanata. Mama yake, fundi cherehani, alishona sebuleni tangu asubuhi, na mlio wa cherehani ndio uliomtuliza mtoto.

Mtoto akishalala, Njiti alikimbilia nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Huko vijana walinyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kocha wao, mchomeleaji mwenye karakana, alimpa chuma chepesi na kumwambia kwamba kwa anayeanza, dawa ni maharage, mayai, maji na usingizi. Haba na haba hujaza kibaba, alimkumbusha. Lakini nani alitaka haba? Njiti alitaka kifua, tena alikitaka kabla shule haijafungwa.

Hapo ndipo wenye midomo walipompata. Vijana wakubwa walimnong'oneza kwamba kuna unga wa nguvu kwenye kibanda kimoja karibu na stendi. Muuzaji aliuchota kutoka kwenye ndoo, akautia kwenye mfuko usio na maandishi yoyote. Njiti alipouliza umetengenezwa kwa vitu gani, jamaa alicheka, akamwuliza kama amekuja kununua nguvu au kusahihisha mtihani. Njiti akaona haya, akalipa akaondoka. Haya za namna hiyo zina gharama, jamani.

Nyumbani aliumimina kwenye kopo tupu la maziwa ya unga ya mtoto. Rangi ileile, ulaini uleule. Akalisukuma nyuma kabisa ya kabati la jikoni, ambako mama asingetupa macho. Alijiona mjanja kweli.

Jumamosi, kabla ya kwenda mazoezini, alibugia kijiko kilichojaa pomoni, kisha kingine, bila maji, kama alivyowaona wakubwa wakifanya. Hata karakana hakuifikia. Vidole vilianza kutetemeka, midomo ikafa ganzi, moyo ukamwenda mbio kuliko alivyowahi kuusikia. Alirudi nyumbani, akampita mama bila salamu, akajitupa kitandani. Aliogopa sana. Lakini kusema aliogopa zaidi.

Mtoto akaanza kulia. Cherehani ikanyamaza. Njiti alimsikia mama akiingia jikoni, akitikisa kopo la mezani na kuguna kwamba limekwisha. Mlango wa kabati ukalia. Vitu vikasogezwa, kimoja baada ya kingine.

"Kumbe baba yenu alinunua jingine," mama alisema kwa furaha. "Na wala hakuniambia."

Kifuniko kikafunguka. Kijiko kikagonga kopo. Njiti alijua kwamba akisema, amejifunga mwenyewe: aibu, adhabu, na mazoezi ndiyo basi. Na akinyamaza? Hakuthubutu kulimaliza wazo hilo. Aliinuka, chumba kikamzunguka, akajikongoja akishika ukuta. Alipofika mlangoni, chupa ilikuwa tayari mdomoni mwa mtoto.

"Mama, usimpe. Si maziwa. Ni dawa yangu ya nguvu, na mimi nimeinywa."

Mama aliivuta chupa. Tone jeupe lilibaki kwenye mdomo wa mtoto, na hakuna aliyejua amemeza kiasi gani. Hakufoka wala kupiga. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua kopo, akamshika Njiti mkono, wakashika njia ya zahanati. Njiani aligeuza shingo kila mara kumtazama mtoto. Njiti angeona heri fimbo kuliko hofu ile.

Daktari alisikiliza vifua vyote viwili. Kisha akafungua kopo, akanusa, akamwuliza Njiti ndani yake mna nini.

"Sijui."

"Aliyekuuzia alisema ni nini?"

"Hakusema."

Daktari aliliweka kopo mezani taratibu. "Ningejua kilichomo, ningejua pa kuanzia. Sasa itabidi tusubiri, tuone miili yenu itasema nini."

Wakasubiri. Mama alikaa katikati ya vitanda viwili, mkono mmoja huku, mwingine kule. Kila mara mtoto alipojinyonganyonga, Njiti aliinua kichwa kumtazama. Aliomba kimoyomoyo kwamba kama kuna baya, limpate yeye peke yake.

Jioni moyo wake ukatulia. Mtoto naye aliamka akicheka na kudai maziwa yake. Daktari alilibakiza kopo ili mabwana afya wamfuate muuzaji. Alimweleza Njiti kwamba unga wa aina hiyo unaweza kuusimamisha moyo, na kwamba mwili unaokua hauna haja nao. Kocha alikuwa amekwisha kumwambia anachohitaji.

Walipokuwa wakitoka, mama alisimama ngazini, akamgeukia.

"Mwanangu, wembamba si ugonjwa. Wewe ulikuwa unakua, ukaona unachelewa. Usitie mdomoni kitu usichoweza kunitajia mimi mama yako. Na ukikosea, usingoje mpaka kosa limfikie mwingine. Leo ulisema ukiwa umechelewa, lakini ulisema. Ndiyo maana tunarudi nyumbani watatu."