Gundi ya Pilipili

Maiti ya Rufus, Mkenya mtengeneza filamu, ilikuwa imelazwa kwenye matope ya bandari ya Juba, maji bado yakichuruzika kutoka kwenye suruali yake ya kazini. Wapakuzi wawili walikuwa wameiopoa kati ya tishali, chombo bapa cha mizigo, na ukingo, kisha wakaketi kando juu ya magunia ya saruji, wakisubiri kuulizwa maswali na kulaumiwa.

Inspekta Rejoice Gune alifika saa mbili na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, bila kunywa chai. Hilo peke yake lilitosha kumtia kisirani, sembuse maiti.

"Nani aliigusa?"

"Sisi, madam. Tulidhani iko hai."

"Ilikuwa hai?"

"Hapana."

Alichuchumaa. Kisogoni palikuwa na jeraha refu. Hatua tatu kutoka pale, chuma cha kufungia kamba za tishali kilikuwa na damu na nywele. Mfukoni mlikuwa na pochi na simu. Mwizi gani wa Juba anaacha simu?

Ubavuni mwa tishali palikuwa na bango lililobandikwa nusu, kona moja ikipepea. Lilikuwa na nyuso za vijana watano, na katikati yao mmoja mwenye kofia iliyogeuzwa. Maandishi yalisema: CHINI YA MABATI. Hip hop ya Juba usiyoisikia redioni. Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Marehemu alitaka tishali zimtangazie filamu yake bure hadi Malakal. Mkenya ni Mkenya, Rejoice aliwaza, hata akiwa amekufa bado anafanya biashara.

Chini ya bango palikuwa na ndoo ya gundi ya unga. Rejoice alichovya kidole aone kama imekauka. Ilikuwa bado mbichi. Dakika chache baadaye alijifuta jasho usoni, na jicho lake la kushoto likawaka moto.

"Madam, unalia?" aliuliza Sajini Akur, aliyekuwa akipiga picha.

"Piga picha, Akur."

Msichana mmoja alikuja mbio, akasimama ghafla alipoiona maiti. Alikuwa Kawira, Mkenya mwenzake Rufus, mfanyakazi wa mapokezi katika hoteli moja mjini na mhariri wa filamu hiyo. Alilia kwanza. Rejoice alimwacha alie, huku na yeye akilia kwa jicho moja.

"Ni hiyo gundi," Kawira alisema alipotulia. "Rufus aliweka pilipili. Mbuzi wa Juba walikuwa wanakula mabango yetu yote kwa sababu ya unga. Osha na maji mengi, usisugue."

"Alikuwa amebeba nini?"

"Begi jeusi. Ndani kuna laptopu na diski ya filamu. Hakuwahi kuiacha."

Begi halikuwepo.

"Alikuja na nani kubandika?"

"Sijui. Hao vijana wa bango walikuwa wanamsaidia kwa zamu."

"Aligombana na nani?"

Kawira alisita. "Alhamisi, na Biar, mmoja wao. Lakini Biar ni mdomo tu."

Mkuu wa kituo hakutaka kusikia habari za mdomo. Ilikuwa Novemba 2010, kura ya maoni ya uhuru wa Sudan Kusini imebaki wiki saba, na alitaka mji uwe kimya. Saa nne asubuhi Biar alikuwa tayari rumande. Ushahidi ulikuwa mistari aliyoitema Alhamisi mbele ya watu hamsini, kwenye studio ya mabati ya mtaa wa Hai Mauna, kwamba atamzamisha Rufus mtoni na samaki wamsahau.

"Amekiri kabla ya kuua," mkuu alisema, ameridhika kabisa. "Kesho saa kumi jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Huyu atanyongwa, na sisi tutapumzika."

Rejoice aliingia rumande. Biar alikuwa mrefu mwembamba, aliyekulia kambi ya Kakuma, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya tupu.

"Ulisema utamzamisha."

"Ilikuwa mistari, madam. Tulikuwa tunashindana. Kama mistari ni kesi, basi mwaka huu pekee nimeua watu mia."

"Mligombania nini?"

"Kwa bango aliniweka pembeni. Duku akamweka katikati."

"Na ndani ya filamu?"

"Niko ndani dakika ishirini." Alimtazama machoni. "Mimi nimengoja hiyo filamu miaka miwili. Niibe kitu kinachonionyesha?"

"Jana usiku na leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala. Peke yangu." Akatabasamu bila furaha. "Najua, hiyo si jibu nzuri."

Halikuwa jibu zuri, na ndiyo maana Rejoice alilisadiki. Mwongo angekuja na shahidi.

Mchana alikwenda Hai Mauna kumtafuta huyo wa katikati ya bango. Duku alikuwa akiishi na baba yake, Mzee Jacob, fundi wa vitanda vya kamba. Kijana alikuwa ameketi ukutani na miwani nyeusi, kama walivyo wasanii wote hata kwenye kivuli. Machozi yalikuwa yakimtiririka chini ya miwani.

"Pole," Rejoice alisema. "Mlikuwa marafiki."

"Alikuwa ndugu yangu, madam."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

Mzee ndiye aliyejibu. "Yeye iko hapa na mimi. Asubuhi mzima. Tulikunywa chai, tukasuka hii kitanda."

"Hakutoka?"

"Hapana toka." Mzee Jacob aliweka kiganja begani kwa kijana. "Huyu mtoto mimi nilipoteza miaka kumi, binti yangu. Vita ilitutenganisha huko Uganda, kambi iliposhambuliwa, mama yake akafa, yeye iko na miaka saba. Mwaka wa elfu mbili na sita akanirudia mwenyewe, mpaka mlango. Sasa mimi hapana acha yeye kutoka bila kujua anaenda wapi."

Rejoice aliandika maelezo akaondoka na huzuni. Naye alikulia ukimbizini, Bweyale, Uganda, na aliwajua wazazi waliongoja hadi wakafa bila kugongewa mlango.

Jioni ripoti ya daktari ilifika. Jeraha la kisogoni lilimzimisha Rufus tu. Kilichomuua kilikuwa maji mapafuni. Mtu alimwacha pale akiwa hai.

Rejoice alilala vibaya. Jumamosi saa moja asubuhi simu ya Kawira ilimwamsha.

"Madam, kuna kitu sikusema jana. Niliogopa. Filamu iko. Mtu wa kompyuta hawezi kuishi na nakala moja. Ninayo yangu hotelini."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Waliitazama katika ofisi ndogo nyuma ya mapokezi. Rejoice hakuwa mtu wa hip hop, kwake muziki ulikuwa kwaya. Lakini wale vijana walimshika. Walirekodi ndani ya mabati yanayochemka, godoro likiwa limefunika dirisha, wakazungumza Kiarabu cha Juba, Kiingereza na Kiswahili ndani ya mstari mmoja. Walikuwa wakisema mambo ambayo yeye na sare yake hawakuthubutu kuyasema.

Ikafika sehemu ya Duku. Alikuwa Nesitu, kwenye kituo cha malori cha barabara ya Nimule, ameketi karibu na mwanamke mnene anayepika chapati. Mwanamke alikuwa akimfuta masizi shavuni kwa kanga, naye kijana akicheka kwa aibu. Chini ya picha maandishi makubwa yakasema: NABIRYE, MAMA YAKE DUKU.

"Simamisha," Rejoice alisema.

"Hii ndiyo sehemu Rufus aliipenda zaidi. Tungeitumia kufungua onyesho."

"Maandishi haya nani aliweka?"

"Rufus. Watu wote pale wanamwita Nabirye, akadhani ndilo jina."

"Si jina. Ni cheo. Wasoga wa Uganda humpa mwanamke aliyezaa mapacha. Huyu mama ni mzaliwa wa Busoga, Kawira. Na Duku ni mtoto wa Mzee Jacob, wa huku kwetu, tena mama yake alikufa kambini."

Kawira alitazama kioo. "Sisi hatungejua."

"Nyinyi hamngejua. Lakini nusu ya watu ambao wangekaa kwenye viti vya onyesho jioni wamerudi kutoka Uganda. Wangesoma mara moja."

Rejoice alijigusa jicho la kushoto, ambalo bado lilikuwa jekundu. Akakumbuka miwani kwenye kivuli, na machozi yaliyotiririka bila kwikwi hata moja. Alijilaumu. Alikuwa amempa mtu pole ya msiba kwa sababu ya pilipili.

Saa tatu gari la polisi lilikuwa barabara ya Nimule, Akur akiendesha kama anayekimbiza mwizi. Nesitu mama yule alikuwa palepale, chapati zikiiva, madereva wa malori wakimngoja.

"Nabirye," Rejoice alimsalimu kwa heshima.

"Karibu nyabo. Wewe umetoka Uganda?"

"Nilikulia Bweyale."

"Bweyale!" Mama alipiga makofi. "Mimi nilikuwa na duka ya mboga pale. Kijana yangu alisomea pale."

"Alikuja jana?"

"Alikuja na boda. Macho imevimba, maskini, nikamwosha na maziwa. Aliniachia begi, akasema ni ya kazi, nimtunzie."

Lilikuwa chini ya gunia la ngano, jeusi, gundi imekauka kwenye mkanda. Mama alilitoa mwenyewe kwa mikono miwili. Halafu akaiona sura ya inspekta, na hakuuliza kama atakula chapati.

Saa saba mchana Duku, aliyeletwa kituoni kutoka Hai Mauna, aliketi ng'ambo ya meza. Rejoice aliliweka begi katikati.

"Jina lako?"

"Duku. Madam unajua."

"Jina lako?"

Kijana aligeuza uso mbali na begi.

"Vua miwani."

Akaivua. Kope zilikuwa zimevimba, na kwenye shavu kulikuwa na alama za vidole vilivyokwaruza.

"Rufus alikupaka gundi usoni. Nimetoka Nesitu. Mama anauliza kama umekula."

Kijana aliiweka miwani kando ya begi.

"Pacha wako yuko wapi?"

"Iganga," alisema taratibu. "Anaitwa Tenywa."

"Kwa Wasoga, pacha wa Tenywa huitwa Waiswa. Ndiye wewe."

"Ndiyo."

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa sana. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa ameficha miaka minne.

"Duku alilelewa na sisi, Bweyale. Tulilala mkeka moja. Malaria ilimchukua, iko na miaka kumi na nne. Aliniambia nikipata nafasi, nitafute baba yake. Mwaka wa elfu mbili na sita nikapata lori. Nilikuja kumletea mzee habari ya msiba, madam. Nilibeba daftari ya Duku ya shule. Nikagonga mlango, mzee akaona daftari, akaona jina. Kabla sijafungua mdomo akanikumbatia. Analia, anaita majirani. Nikasema nitamwambia kesho."

"Kesho haikufika."

"Haikufika. Mimi sikuwa na baba. Kesho yake akaninunulia viatu."

"Rufus alikufanya nini?"

"Hakunifanya kitu. Mama alitaka kutokea kwa filamu, nikadhani Rufus ataikata. Alhamisi nikaona yale maandishi. Ijumaa tukaenda kubandika pamoja. Nikamwomba. Akasema hiyo ndiyo roho ya filamu, mama hawezi kukatwa. Nikasema basi futa hilo jina. Akauliza kwa nini. Ningemwambia nini? Ile siri ingemvunja mzee, si mimi tu. Nikavuta begi. Yeye akavuta. Akanishika uso na mkono ya gundi, nikamsukuma."

"Akaanguka kwenye chuma."

"Halafu majini."

"Alikuwa hai, Waiswa."

Kijana aliinamisha kichwa hadi paji likagusa meza.

"Macho yangu ilikuwa inawaka, sikuona kitu. Lakini masikio ilikuwa inasikia. Aliita jina langu mara mbili. Aliita Duku." Aliinua kichwa. "Nikachukua begi nikaondoka."

Akur aliacha kuandika. Rejoice alitaka kumchukia yule kijana, na kweli alimchukia, kwa ajili ya zile mara mbili. Lakini chuki ile haikukaa peke yake, na hilo lilimuudhi zaidi.

Kabla ya saa kumi Biar alifunguliwa. Mkuu wa kituo alitia saini bila kusema neno. Saa kumi na mbili jioni Kawira aliwasha projekta, watu wamejaa hadi nje. Sehemu ya Nesitu aliiruka. Alisema atairudisha siku mwenyewe atakapomruhusu, na hakueleza mwenyewe ni nani.

Jumapili baada ya ibada Mzee Jacob alikuja kituoni na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Rejoice alimketisha kwenye kiti chake mwenyewe. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, na yote yakampotea.

"Mzee, kuna habari ya Duku. Duku wako wa damu."

"Alikufa," mzee alisema.

"Nani alikuambia?" Rejoice aliuliza.

"Mtoto yangu alizaliwa na vidole sita kwa mguu ya kushoto. Huyu alipofika na vumbi ya safari, mimi nilimwosha miguu. Iko tano." Mzee alinyoosha kitambaa cha sufuria, ingawa kilikuwa kimenyooka. "Nilihesabu mara mbili. Halafu yeye akaniita baba."

"Miaka minne hukumwambia?"

"Niliogopa. Akijua mimi najua, ataondoka."

Rufus alikuwa ameachwa afe majini ili kulinda siri ambayo haikuwepo.

Mzee Jacob aliinuka, akaenda dirishani kwa Akur, kwenye daftari la wageni wa mahabusu. Akur alimwandika jina, saa na chakula alicholeta. Kisha akauliza, kama anavyowauliza wote, uhusiano wake na mahabusu.

"Andika baba," mzee alisema.

Akur alimtazama Rejoice. Rejoice aliitikia kwa kichwa, na Akur akaandika.