Oksijeni Moja Imekwenda Wapi?

Nyumbani kwa msusi siku hizo kila mtu alinyata. Redio ilizimwa. Hata baba akitaka kukohoa, alitoka nje.

Kisa ni binti yao mkubwa, waliyempachika jina la Daktari tangu utotoni. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kemia. Atakayefeli ataondolewa darasa la sayansi. Bila sayansi, udaktari angeusikia redioni tu.

Daktari alisoma kweli kweli. Alisoma ukurasa, akaupigia mistari kwa kalamu nyekundu, akausoma tena. "Hii naijua," alijiambia. Lakini katika jaribio lililopita, alipoiona karatasi tu, yote yalimtoka kichwani. Alikuwa na hofu, ila hakumwambia mtu.

Jioni moja mama alikuwa barazani akimsuka jirani yao, mwalimu wa kemia wa shule nyingine.

"Mwanangu," mwalimu aliita, "funga kitabu, uje umfundishe mama yako."

"Lakini Mwalimu, mama hajui kemia!"

"Ndiyo maana. Hatakubali umpitishe juu juu."

Daktari alichukua chaki, akaandika sakafuni: H₂ + O₂ → H₂O.

"Haidrojeni inaungana na oksijeni, tunapata maji," alisema haraka haraka.

Mama alichungulia huku vidole vikisuka. "Na hivyo vijinambari vya chini?"

"Ni idadi ya atomu, mama. Atomu ni chembe ndogo mno. Pasipo na namba, ni moja."

"Basi oksijeni zimeingia mbili, imetoka moja. Nyingine imekwenda wapi? Umeila?"

Mwalimu aliangua kicheko.

"Tulia wewe, nitakusuka upogo!" mama alimkemea.

Daktari aliitazama sakafu, uso ukamwiva kwa aibu. Ukurasa ule ulikuwa mwekundu kwa mistari, kumbe hakuuelewa. Akaongeza kijinambari upesi: H₂O₂.

"Sasa ziko sawa."

"Ziko sawa, lakini si maji tena," alisema mwalimu. "Hiyo ni dawa anayotumia mama yako kugeuza nywele nyeusi ziwe za dhahabu. Utamnywesha nani? Vijinambari vya chini havibadilishwi. Namba unaiweka mbele, izidishe vyote vinavyoifuata."

Daktari alifuta, akajaribu, akakosea, akafuta tena. Mwishowe akaandika: 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Mama alihesabu mwenyewe. "Haidrojeni nne kwa nne. Oksijeni mbili kwa mbili. Haya, hapo nimekubali."

"Umeona?" alisema mwalimu. "Ukisoma tu tena na tena, macho yanazoea ukurasa, unadhani unajua. Funga kitabu. Andika bila kuchungulia. Mweleze mtu. Ukikwama, hapo ndipo pa kurudia. Fanya kidogo kila siku, na usiku ulale."

Kuanzia hapo redio ilirudi, na baba akakohoa kwa raha zake. Kila mteja aliyekuja kusukwa alipata somo la kemia, atake asitake. Daktari alikwama mara nyingi, akarudia palepale alipokwama.

Kwenye mtihani alikwama swali moja. Mengine yalimjia kichwani, akayajibu.

Siku ya matokeo alirudi mbio mpaka barazani. "Mama! Nimepata sabini na nane! Nabaki sayansi!"

Mama aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa. Akaishika karatasi, machozi yakimlenga, akaikagua juu mpaka chini.

"Hongera, Daktari wangu," alisema. "Na mimi je, nimepata ngapi?"